Ubeti wa Kuomba Maji

Dada yangu alirudi kutoka hospitali na neno moja tu, nalo ni "bado".

Umeshiba? Bado. Umelala vizuri? Bado. Jirani wa nyumba ya pili alikuja kumpa pole, akainama mpaka puani mwake na kupaza sauti, kana kwamba kiharusi huziba masikio, "Unanikumbuka lakini?" Dada akamtazama taratibu, juu mpaka chini, akamjibu, "Bado." Yule mama alitoka amevimba, na mpaka leo salamu zake ni za kuchungulia. Enzi zangu ningecheka mpaka nikae sakafuni. Siku ile nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha.

Hili niliseme mapema, maana watu wamelisema sana nyuma yangu: sikulia. Sikulia alipoanguka kati ya meza na mashine, sikulia hospitali, sikulia nilipomrudisha nyumbani anaburuta mguu wa kulia na mkono wa kulia unaning'inia. Wala sikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukikaza. Umewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa ajili ya jino? Unajigusa shavu, unajua hili ni shavu, tena ni langu, lakini halikuletei habari yoyote. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula kwa sababu chakula kimeiva, nikalala kwa sababu taa imezimwa. Waliokuja kunifariji waliona macho makavu wakanong'onezana kwamba huyu moyo wake jiwe. Nikawapa chai.

Kazi yetu ni mapazia. Chumba cha mbele kina meza ndefu ya kukatia, mashine mbili zinazotazamana, na majora ya vitambaa yamesimamishwa kwenye kona. Chumba cha nyuma kina vitanda viwili. Dada ndiye mkataji; hapimi mara mbili wala hakosei, na mkasi wake hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata kukata uzi. Mimi napiga pindo na kuvuta mikunjo. Mume wake alikufa. Wangu hakufa, aliondoka tu, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine ambayo nayo sitaisimulia. Tukaungana wawili, tukakaa hivyo mpaka mtaa mzima ukasahau nani mkubwa na nani mdogo, ingawa mwenyewe hakuwahi kuniacha nisahau.

Halafu mimi ni mshairi. Ndiyo, fundi mapazia mshairi, una swali? Mtu akioa wananiita, akistaafu wananiita, akifiwa wananiita. Nimesomwa redioni. Watu huniuliza kwa nini natunga, na ninalo jibu la wageni: natunga ili kuelimisha jamii. Ni jibu zuri, hata mtangazaji alilipenda, lakini ni la uongo. La kweli sikuwa nalo.

Mimi nikitunga siandiki kwanza. Nasema kwa sauti huku mashine inakwenda, na dada ng'ambo ya meza anasikiliza. Kidoleni amevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kujikinga na sindano. Mstari ukikaa sawa anagonga meza mara moja: ngo. Ukiwa mbovu anagonga mara mbili: ngo, ngo. Ubovu wenyewe uko wapi, hasemi. "Mshairi ni mimi au wewe? Kautafute." Basi natafuta. Mara nyingi ni mizani, silabi imezidi au imepungua. Nakata, naunga, narudia, mpaka nisikie ngo moja. Mstari ambao haukupata ngo moja haukuwahi kutoka kwenye chumba kile.

Alipougua, nikaacha kutunga. Sikuapa wala sikuhuzunika, niliacha tu, kama mtu anayeacha kupita njia ambayo mwisho wake pamejengwa ukuta. Mteja mmoja aliniomba beti za arusi ya binti yake. Nikamwambia mashine imeharibika. Akashangaa beti na mashine vinahusiana vipi, nikamwacha ashangae.

Kilichofuata hakikuwa cha kukusudia. Nilikuwa napiga pasi pazia la mtu, dada amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukaokota ubeti wa zamani tuliomtungia mshindani wetu wa barabara ya pili.

"Pazia lako ni fupi, jua latupiga macho, fundi wake ndiye yupi…"

Nikakwama. Ganzi ilikuwa imefika mpaka kwenye kumbukumbu. Nikainua pasi nikaiweka kando, nikasikia nyuma yangu sauti nzima, sauti ya dada ya siku zote, yenye kejeli yake kamili:

"…aloshona kwa kijicho."

Niligeuka. Alikuwa ameshtuka kuliko mimi. Nikamwambia, "Dada, sema tena." Akafungua mdomo, akahangaika, mshipa wa shingo ukamtoka, akasema, "Bado." Nikaanza ubeti upya. Akaumalizia tena, mpaka neno la mwisho, bila kujikwaa.

Hospitali kuna binti mmoja anayewafundisha watu kusema upya. Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa umri wake ni wa mtoto wetu. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Alifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo aliokuwa akiutafuta. "Mama," akaniambia, "maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani. Cha kwanza kimefungwa. Cha pili mlango uko wazi. Wewe unatunga? Basi mtungie anayoyahitaji kila siku. Yawe mafupi, yawe na mdundo, na agonge kwa mkono wa kushoto akiyasema."

"Nimtungie nini?"

"Maji. Choo. Baridi. Taa."

Loo! Mimi niliyewatungia maarusi na wakuu wa idara, leo naambiwa nikatunge choo. Lakini hata kuudhika sikuudhika vizuri. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye mashine bila kuikanyaga, nikatunga kama ninavyopiga pindo la shuka la hoteli, kazi ni kazi. Wa kwanza ulikuwa wa kuomba maji:

*Koo langu lakauka, nipatie maji hima,*
*Kikombe kitamwagika, kishike kwa taadhima.*

Nikamvalisha kastabini kidole cha mkono wa kushoto. Nikausema. Akasikiliza hadi mwisho, akagonga kwenye mkono wa kiti: ngo.

Ule wa choo ulimfurahisha zaidi, nadhani kwa sababu ya upuuzi wake:

*Nipeleke, nipeleke, haja haina subira,*
*Nishike nisianguke, sakafu ina hasira.*

Tulijifunza asubuhi, tukajifunza wakati wa chai, tukajifunza nikimchana nywele. Na siku moja nikiwa nimeinamia pindo nikasikia, "Koo langu lakauka, nipatie maji hima." Hakuna aliyemwanzishia. Alikuwa na kiu, akaomba maji. Nilimletea, nikakishika kikombe kwa taadhima kama ubeti unavyoagiza, akanywa, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe, macho yanamcheka. Nilijua kwamba hili ni jambo kubwa. Nililijua kama unavyojua mji fulani uko kaskazini. Furaha yenyewe haikuja. Nilirudi kwenye pindo.

Mwanzoni aliweza kwenda moja kwa moja tu, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Baadaye akaanza kufanya mambo yake. Akawa anasema nusu ya mstari na kuiacha hapo. Siku moja akasema, "Koo langu lakauka, sakafu ina hasira." Nikamsahihisha. "Hapana dada, hapo umechanganya, sema tena." Akanikazia macho kwa muda mrefu, halafu akageukia dirisha. Nilikuja kuona jioni kwamba mtungi wa maji ulikuwa umepinduka chini ya kiti chake.

Sasa mwanawe. Ni mmoja tu, na tunamwita Injinia, tumemwita hivyo tangu akiwa mdogo anafungua redio za watu asizoweza kuzifunga. Ukubwani akawa injinia kweli. Anaishi mji mwingine, mbali, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi, jirani na hospitali kubwa. Ana mke na watoto. Alikuja siku ya kwanza ya ugonjwa, akaja tena, na mara hii ya tatu hakukaa vizuri kwenye kiti.

"Mama mdogo," akaniambia, "nataka kumchukua mama."

"Kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Akae na sisi."

"Ana kwake hapa."

"Hapa ngazi tatu mlangoni, choo kiko nje ya chumba, na wewe unafanya kazi za watu wawili. Umekonda, mama mdogo. Hata ukiongea sasa hivi unaongea kama tangazo."

"Mimi sijalalamika."

"Ndicho kinachonitisha."

Nikamwambia mama yake si kabati la kuhamishwa. Nikamwambia na mengine, kwa kuwa mdomo wangu haukupata ganzi, nikampa vidonge vyake vyote mpaka vya kesho. Akavimeza. Ni mtoto mwenye adabu. Mwisho akasema, "Lakini mgonjwa haulizwi uji, mama mdogo."

"Huyu wa kwangu ataulizwa," nikasema. "Ana akili zake timamu kuliko zako. Na sasa anasema."

"Basi sawa." Akasimama. "Mwisho wa mwezi nakuja na gari, na mke wangu. Mama akisema mwenyewe hataki, naondoka peke yangu na sitaligusa tena jambo hili. Akisema anataka, naondoka naye. Lakini aseme mwenyewe. Asisemewe."

Dada alikuwa pale pale kitini anasikia yote. Nilimtazama. Akasema, "Bado."

Nilijua la kufanya, na nililianza usiku haujaingia. Niliogopa, nadhani ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu aanguke, na hata hicho kilikuja kwa mbali, kama kelele za mtaa wa tatu. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na dada. Wakimchukua, nani atabaki ng'ambo ya meza? Basi nikatunga ubeti kamili wa kumjibia Injinia, mistari minne, wa heshima, wa mama kwa mwana:

*Mwanangu ninashukuru, mbali umenijilia,*
*Nyumba yako ina nuru, kila mtu asifia,*
*Moyo wangu uko huru, neno langu nakwambia,*
*Hapa ndipo pangu mimi, siondoki, nabakia.*

Nikamsomea mstari wa kwanza. Ngo. Wa pili, ngo. Wa tatu, ngo, tena haraka. Wa nne: ngo, ngo.

Nikahesabu kwa vidole. Nane na nane, mizani imekamilika. "Dada, mbona uko sawa?" Ngo, ngo. Haya. Labda kina cha kati hakikumpendeza, maana kinatoka kwenye "ru" kinaangukia "mi". Nikakaa nao, nikaubadili: *Chumba hiki ndicho changu, humu nitajifilia.* Ngo, ngo. Labda neno la kufa limemchukiza, mgonjwa gani anapenda kutajiwa kifo. Nikaubadili tena: *Hapa nilipozoea, siondoki asilani.* Ngo, ngo, na safari hii aligonga mpaka kipande cha uzi kilichokuwa kwenye mkono wa kiti kikaruka.

Kila siku nilileta mstari mpya. Niliubadilisha mwanzo, nikaubadilisha mwisho, nikabadilisha lahaja, nikaweka maneno ya zamani ambayo hata marehemu mama yetu angehitaji kuelezwa. Mizani nane na nane kila mara. Kila mara ngo, ngo. Nikaanza kujiambia kwamba sikio lake limeharibika, masikini, kwamba mkono wa kushoto unatetemeka na pigo la pili linajipiga lenyewe. Mistari mitatu ya kwanza aliisema vizuri ajabu. Akifika wa nne ananyamaza. Nikaurudisha ule wa mwanzo, nikamwimbia asubuhi na jioni kama unavyomfundisha mtoto dua. "Utausema siku ile," nikamwambia. "Watu wakiwepo utausema."

Waliingia asubuhi, Injinia na mkewe. Mkewe ni mwanamke wa ofisi, viatu vya kisigino, sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti changu cha mashine kwa kuwa viti vingine vilikuwa na vitambaa. Nikawapa chai. Gari limeegeshwa nje, mlango wa nyuma uko wazi na mto umeshawekwa kwenye kiti. Niliuona ule mto, nikaangalia pembeni.

Injinia akapiga goti mbele ya mama yake. "Mama, unajua kilichonileta. Sitakulazimisha. Unataka kuja kwangu, au unataka kubaki hapa na mama mdogo?"

Dada akavuta pumzi. Akaanza kugonga mkono wa kiti taratibu, akitafuta mdundo, na sauti ikatoka.

"Mwanangu ninashukuru, mbali umenijilia."

Injinia, ambaye hakuwa amesikia mama yake akisema sentensi tangu augue, aliweka mkono mdomoni.

"Nyumba yako ina nuru, kila mtu asifia. Moyo wangu uko huru, neno langu nakwambia…"

Akanyamaza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wageni, mahali anaponiona yeye peke yake. Midomo yangu ikaanza kumtajia bila sauti: *Hapa ndipo pangu mimi.* Akaniona. Aliniangalia mimi, si mwanawe, akainua kidole chenye kastabini akagonga. Ngo. Ngo.

Hakukuwa na kutetemeka. Mapigo yalikuwa mawili, yametengana, kila moja limesimama mahali pake, kama alivyoyagonga miaka yote mkono wa kulia ukiwa mzima. Mwili ukanifa ganzi juu ya ganzi. Mstari ule haukuwa na kasoro ya mizani. Haukuwahi kuwa nayo. Alikuwa akiniambia kila siku, kwa lugha pekee aliyobakiwa nayo, lugha tuliyoitunga wenyewe, kwamba maneno yale si yake. Nami nikawa nahesabu silabi.

Injinia alisema, "Mama?" kwa upole. "Maliza mama, nakusikiliza."

Dada akafumba macho. Niliijua ile sura. Ndiyo sura yake ya kukata, anapokitazama kitambaa kikiwa bado kizima na kuliona pazia ndani yake kabla ya kushika mkasi. Midomo ilicheza kidogo, inajaribu. Halafu akafumbua.

"Nipeleke, nipeleke…"

Mkwe wake akainuka haraka, nilishamweleza wakati wa chai kuhusu ule ubeti wa choo, akamshika kwapani. Dada akatikisa kichwa. Akamsukuma taratibu akae. Akamshika mwanawe ukosi wa shati kwa ule mkono mmoja, akaanza tena, na safari hii hakukwama:

"Nipeleke, nipeleke, mbali umenijilia."

Na akagonga mwenyewe, juu ya kifua cha mwanawe: ngo.

 Nane na nane, na kina cha mwisho kimeshika. Alikata nusu ubeti wa choo, akakata nusu mstari wa kwanza wa ubeti wangu, akaviunga, na mshono hauonekani. Nilikuwa nimempa beti ili aombe maji na aseme hataki. Yeye alichukua vitambaa vyangu akajishonea anachokitaka. Siku ile ya mtungi hakuwa amechanganya. Alikuwa ameanza kazi.

Injinia alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Mkewe akalia. Mimi nilikwenda chumba cha nyuma kufungasha.

Kwa nini alitaka kwenda? Sijui. Labda kwa ajili ya wajukuu. Labda alichoka kumwona mdogo wake akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyetumwa. Labda ni ngazi zile tatu tu. Hakuwa na ubeti wa kunieleza, na kosa la kutokuwa nao ni langu, maana nilimtungia beti zote za kuomba isipokuwa ule wa kusema "kwa sababu". Nikakunja khanga zake, nikakunja sweta. Mkasi niliuacha ukutani, nikarudi nikauchukua, nikauweka kwenye begi, nikautoa tena. Mwisho dada akauonyesha kwa kidole, akanionyesha mimi. Ubaki.

Kabla hawajaondoka nilimfundisha mkwe wake beti zote. Nilidhani ataona haya. Yule mwanamke wa ofisi akasimama katikati ya duka langu, akaimba "haja haina subira" kwa sauti kamili huku mteja amesimama mlangoni na vipimo vya madirisha yake. Hapo nikajua dada hatakufa kiu.

Walimbeba hadi kwenye gari. Akanishika shavu kwa mkono wa kushoto, chuma cha kastabini kikanigusa, baridi. Nikamwambia safari njema. Akaniambia, "Bado." Gari likaondoka nikaingia ndani kumaliza pindo la mteja. Macho makavu. Majirani waliona, na nina hakika walisema.

Siku zikaenda. Nakata mwenyewe sasa, na nakosea. Nimeharibu kitambaa cha watu kizuri cha kijani ambacho sitaki kukizungumzia. Mashine yake nimeifunika. Nilikuwa nimezoea kusema naye wakati wa kazi, basi nikawa nafungua mdomo, naona kile kifuniko, nafunga. Watu wakaanza tena kuniomba beti. Nikasema mashine bado haijapona.

Halafu Injinia akapiga simu, mchana, nikiwa na pini mdomoni. "Mama mdogo, mama ameishika simu haiachii. Anataka kitu. Ameshakunywa maji, choo ameshakwenda. Naweka sauti ya juu, wewe ongea naye."

Nikatoa pini. Nikasikia pumzi zake. Nikasikia watoto kwa mbali na sahani zikigongana. Halafu nikasikia, karibu kabisa na sikio langu, ngo. Moja tu. Nikaelewa. Alikuwa amekaa mkao wa kusikiliza. Alikuwa ananisubiri nilete mstari.

Sikuwa na mstari. Lakini ni dada mkubwa, huwezi kumwambia sina. Nikakaa kwenye mashine nikakanyaga kidogo ipate kulia, nikatafuta, nikaunga harakaharaka kitu cha kumtuliza:

"Dada usiniwazie, hapa nilipo sijambo."

Nane na nane. Nilihesabu hata kabla sijamaliza kusema.

Ngo, ngo.

Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuhesabu upya mezani. Nikakiona. Nikakishika kwa mkono mwingine nikakizuia. Nilitazama kile kifuniko cha mashine, meza ndefu, mkasi ukutani, kiti kando ya dirisha na alama ya duara ambako chuma kilikuwa kikigonga mbao mpaka rangi ikatoka. Waandishi wa redio waje waniulize sasa kwa nini natunga. Natunga kwa sababu kuna mtu mmoja duniani ninayeweza kumdanganya kwa mizani kamili na bado akanigongea mara mbili.

Ng'ambo walisubiri. 

"Naumia, dada," nikasema.

Haukuwa mstari. Hauna kina, hauna mizani, mwanafunzi wa kwanza kabisa angeukataa. Sauti yenyewe ilitoka imepasuka katikati, na shavu langu, hili hili, lilikuwa limelowa na lilikuwa la moto, nikaligusa nikahisi kidole, nikahisi na shavu.

 Nikasikia akivuta pumzi.

Ngo.